Feni ya Dari Si Taa: Namna ya Kuifunga Kiwandani Bila Kumwumiza Mtu



Mwezi wa Desemba ukiingia na kaskazi ikaanza, sisi tunaofanya kazi chini ya mabati hatuhitaji kuelezwa joto ni nini. Kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, na kushuka mpaka Pemba, saa saba ya mchana ghala huwa tanuri. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 duniani hukutana na joto la kupita kiasi kazini kila mwaka. Kwa hiyo katika madai yetu ya miaka hii, feni imekuwa jambo la kwanza au la pili kila tunapokaa na uongozi. Dai hilo ni la haki. Lakini tumeona mahali zaidi ya pamoja kwamba feni tuliyoidai kwa ajili ya afya yetu ndiyo iliyotuletea majeruhi, kwa sababu ilifungwa kama watu wanavyofunga taa. Ndiyo maana tumeona yafaa tueleze kazi hii kwa urefu.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sisi tuliosoma kwa Kireno twaiita ventoinha. Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma huiita feni, na wazee wao huiita pangaboi. Neno hilo lina historia yake. Zamani za ukoloni, kabla ya umeme kuenea, wakubwa walitundikiwa darini kitambaa kipana ambacho Wahindi hukiita panka, na kijana mmoja aliketi pembeni akivuta kamba mchana kutwa ili bwana apate upepo. Huyo ndiye boi wa panka. Mashine ilipokuja ikarithi jina la mtumishi. Leo mfanyakazi naye anataka upepo, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Sasa tuseme yaliyotokea. Katika ghala moja la korosho, ambalo hatutalitaja, umeme ulikatika asubuhi. Nyapara akaona huo ndio wakati mzuri wa kufunga feni mbili zilizokuwa zimekaa kwenye boksi tangu mwezi uliopita. Akamwita kijana mmoja, mpakiaji magunia, si fundi, akamwambia panda. Kijana alikuwa na akili zake: kwanza alikwenda ukutani akaizima swichi. Umeme haupo, na swichi imezimwa, basi akajiona salama mara mbili. Akapanda ngazi ya chuma. Alipokuwa ameshika nyaya mbili mkononi, umeme ukarudi. Alitupwa kutoka juu ya ngazi akaangukia magunia ya korosho, na magunia hayo ndiyo yaliyomwokoa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua mpaka mfupani na nyonga ikavunjika. Katika taarifa ya uongozi sababu iliandikwa kwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi.

Tulikaa nao vikao vitatu juu ya maneno hayo matatu. Tuliuliza nani alitoa amri. Tuliuliza ufunguo wa sanduku la umeme alikuwa nao nani. Halafu tukaomba swichi ile ya ukutani ifunguliwe mbele ya wote, na fundi umeme akatuonyesha kwamba ilikuwa imefungwa kwenye waya usio wake. Ilikata njia ya umeme kurudi, haikukata njia ya umeme kuja. Feni au taa huzimika kweli, lakini waya wa moto unabaki na moto. Yule kijana alifanya alivyojua, na alidanganywa na ukuta. Mwishowe neno uzembe lilifutwa na matibabu yakalipwa. Vidole havikurudi.

Tutayachukua mambo kama kazi yenyewe inavyokwenda.

Kabla ya kupanda popote, ulizeni kama feni ndiyo dawa ya mahali hapo. Feni haipozi hewa. Ukiiwasha katika chumba kitupu, chumba kitabaki na joto lile lile. Kazi yake ni kusukuma hewa juu ya ngozi ili jasho likauke, na jasho linapokauka ndipo mwili unapopoa. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekaukiwa na maji mwilini haisaidiki sana feni. Lazima maji ya kunywa yawe karibu. Pia hewa ikipita nyuzi 40, Shirika la Afya Duniani linasema feni haifai tena, kwani inakuletea joto badala ya kuliondoa. Huku pwani kivulini hatufiki huko mara kwa mara, ila karibu na tanuri la kukaushia au boila hali ni nyingine. Jambo la pili ni vumbi. Feni ya dari hailitoi vumbi nje, hulizungusha tu. Mahali penye nyuzi za pamba, vumbi la katani au unga wa mbao, hitaji la kwanza ni madirisha na mashine ya kuvuta vumbi, ndipo feni ifuate. Na mota yake iwe ya kufunikwa kabisa. Tazameni kibati cha mota: mtaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, nayo iwe 5 au 6. Ya pili ni ya maji. Mota iliyo wazi, ikijaa nyuzi za pamba, hupata moto, na moto wa pamba mnaujua.

Sasa mahali pa kuifunga. Kanuni za kimataifa zinataka mapanga yawe juu ya sakafu kwa mita 2.3 angalau. Kipimo hicho ni cha nyumbani na ofisini. Kiwandani watu hubeba mizigo kichwani, hupanda juu ya magunia, hunyanyua mabomba na ngazi. Sisi tunadai mita 3, na pale ambapo magunia hupangwa kwa safu, tunapima kutoka juu ya safu ya mwisho, si kutoka sakafuni. Msiseme safu hiyo hupangwa mara chache; siku hiyo moja inatosha. Ncha za mapanga ziwe mbali na ukuta, nguzo au rafu kwa sentimita 60 angalau, na mapanga yasikaribie dari kuliko sentimita 30, la sivyo feni hukosa hewa ya kuvuta ikabaki kuunguruma bure.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Msifunge feni chini ya taa. Mapanga yakipita mbele ya mwanga, mwanga unakatika-katika, na macho yanachoka. Zaidi ya hayo, chini ya mwanga wa namna hiyo mashine inayozunguka inaweza kuonekana kama imesimama. Fikirini mtu anayetia mkono kwenye puli kwa kuwa ameiona imesimama. Ama taa zishushwe chini ya mapanga, ama feni isogezwe.

Tukifika kwenye kutundika, hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Feni ya kawaida ya kiwandani, yenye mzunguko wa mita 1.4, ina uzito wa kilo chache tu, na wepesi huo ndio unaowadanganya watu. Taa ikitundikwa hutulia. Feni hutikisika mchana na usiku, na mtikisiko hulegeza kila kitu kinachoweza kulegea. Hebu tupige hesabu. Panga la feni hiyo, kwa mzunguko mmoja, ncha yake husafiri mita 4.4. Feni ikizunguka mara 300 kwa dakika, ncha hiyo inakwenda mita 1,320 kwa dakika, yaani karibu kilomita 80 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari kwenye barabara ya lami, nao uko juu ya kichwa chako, nao ni wa chuma.

Kwa hiyo feni haitundikwi kwenye ubao wa dari. Haitundikwi kwenye papi za mabati. Haitundikwi kwa msumari uliopindwa, tulishauona huo. Hutundikwa kwenye kenchi yenyewe au kwenye boriti iliyowekwa makusudi. Kama paa ni la mbao, chukueni boriti ya mti mgumu, mninga au mkongo, ilazeni juu ya kenchi mbili na kuikaza kwa bolti zinazopenya upande wa pili, zenye washa pana na nati mbili mbili. Kabla ya hapo, gongeni mbao za kenchi kwa nyundo na kuzichoma kwa bisibisi. Bisibisi likizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wameshatangulia. Kama paa ni la chuma, tumieni kishikizo cha kubana boriti kwa bolti. Msitoboe wala kuchomelea chuma cha paa bila ruhusa ya mhandisi, kwa sababu tundu mnalotoboa nyinyi ndilo linalopunguza nguvu ya kile kinachoshikilia paa zima. Kama dari ni zege, bolti ipenye hadi upande wa pili na kushikwa na bamba la chuma. Ikishindikana, tumieni bolti ya kutanuka iliyotengenezwa kwa zege. Kigingi cha mti kilichopigwa kwenye tundu la zege hukauka, hulegea, na feni huja chini nacho.

Huku kwetu kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma mpaka ndani, na bolti inaweza kuonekana nzima huku shingo yake imebaki nyembamba kama kiberiti. Dai bolti na kulabu zilizopakwa zinki, zipakeni grisi, wala msikubali kulabu ya zamani kwa sababu tu ipo. La pili ni hali ya majengo yenyewe. Kimbunga Kenneth kilipopiga mkoa wetu tarehe 25 Aprili 2019 kilitikisa mapaa mengi ambayo hayakuanguka, na paa lililotikiswa si lile la jana. Kisha ikaja vita. Mji wa Mocímboa da Praia ulikuwa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Watu wanaporudi na kufungua milango ya karakana na maghala yaliyofungwa kwa muda mrefu, hukuta kenchi zilizonyeshewa, mabati yaliyotoboka, nyaya zilizong'olewa au kuguguna na panya. Msifunge feni katika jengo la namna hiyo mpaka paa na nyaya zimekaguliwa na mtu anayejua. Haraka ya kufungua kazi tunaielewa, sote tuna watoto wanaokula. Lakini paa halijui haraka yetu.

Kulabu ikishakazwa, ijaribuni kabla ya kutundika feni. Desturi yetu ni kuning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 na kuuacha usiku kucha, eneo la chini likiwa limezungushiwa kamba mtu asipite. Asubuhi tazameni kama kulabu imepinda, kama nati imezunguka, kama mbao imepasuka. Kwa feni ya kilo 7 au 8 jaribio hilo linatosha na kubaki. Feni ikiwa nzito zaidi, ongezeni mzigo kwa kipimo hicho hicho. Zile feni kubwa sana za mita 5 na zaidi ziachwe kwa mhandisi na kampuni iliyozitengeneza. Hizo si kazi ya kamati.

Sasa umeme. Shikeni neno hili hata mkiyasahau mengine: umeme uliokatika si umeme uliozimwa. Uliokatika unarudi wakati wowote, na anayeurudisha yuko mbali, hakuoni juu ya ngazi. Swichi ya ukutani nayo si kitu cha kuaminiwa, mmekwisha kusikia kwa nini. Mzime kwenye sanduku kuu. Kama kuna fyuzi, ing'oeni, na fyuzi hiyo akae nayo mfukoni yule anayepanda, si nyapara, si mlinzi. Kama ni swichi ya kisasa, ifungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao yeye yule. Mtundike kibao: USIWASHE, WATU WAKO JUU. Kiandikwe kwa Kireno na kwa Kiswahili, na kama wenzetu wa Kimwani na Kimakonde wanaona afadhali kiwe kwa lugha yao, kiandikwe. Pamoja nacho fungeni kitambaa chekundu kwa ajili ya yule asiyesoma. Tena mwekeni mtu mmoja asimame hapo. Kiwanda chenye jenereta kina milango miwili ya umeme, nayo yote miwili ifungwe, kwani wengi wamezima wa gridi wakasahau kwamba jenereta huwashwa na mtu mwingine kabisa.

Halafu pimeni. Testa ijaribiwe kwanza mahali mnapojua pana umeme, iwake. Kisha pimeni waya mtakaoushika. Kisha rudini mahali pa kwanza kuona kama testa bado ni nzima. Hatua hiyo ya tatu watu huicheka. Testa iliyokufa haiwaki popote, na ukimya wake unafanana sana na usalama. Bisibisi la testa lenye kitaa kidogo ni rahisi na hudanganya. Mita ni bora, nayo chama kinaweza kuidai kama kifaa cha kazi.

Ngazi iwe ya mbao kavu au ya faiba, si ya chuma wala aluminiamu. Bora kuliko ngazi ni jukwaa lenye kizuizi pembeni, kwa sababu kutundika feni kunataka mikono miwili, na mtu mwenye mikono miwili kazini hana wa kushikia ngazi. Kama ni ngazi, kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike chini. Mota hupandishwa na watu wawili, bila mapanga. Mapanga hufungwa baadaye.

Mota ikifika kwenye kulabu, pisheni bolti, kazeni nati, wekeni nati ya pili ya kuzuia, kisha kotapini, na miguu ya kotapini ipindwe yote miwili. Kotapini isiyopindwa ni mapambo. Baada ya hapo wekeni waya wa usalama: kamba ya nyaya za chuma inayozunguka boriti yenyewe, si ile kulabu, na kushika mwili wa mota. Iachiwe ulegevu kidogo tu. Siku kulabu ikikatika, kamba hiyo ndiyo itakayoizuia feni isifike kwa watu. Gharama yake ni ndogo kuliko kila kitu kingine katika kazi hii, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika boksi nyingi haimo kabisa, itabidi inunuliwe.

Kuunganisha nyaya tunasema wazi: ni kazi ya fundi umeme mwenye cheti. Sisi wengine tunatakiwa tujue kinachofanywa ili tuweze kukikagua. Umeme wetu wa kawaida ni volti 220, na mkondo mdogo wa miliampea 30 tu unaopita kifuani unaweza kuua. Ndiyo sababu sanduku liwe na kile kikata-umeme kinachohisi umeme unaovuja, ambacho mafundi wetu wamezoea kukiita diferensiali, nacho kikate kwenye miliampea 30. Waya wa ardhi uunganishwe kwanza, kwenye mwili wa chuma wa feni. Ukiona feni ya chuma haina waya wa ardhi, hiyo haijafungwa, hata ikizunguka vizuri namna gani. Swichi iwe kwenye waya wa moto. Nyaya za siku hizi zina rangi ya kahawia kwa moto, buluu kwa kurudi, kijani na manjano kwa ardhi. Katika majengo ya zamani msiamini rangi yoyote, aminini mita. Maungio yawe ya konekta ndani ya kisanduku, si ya kusokota na tepu. Tepu huyeyuka gundi kwa joto la bati. Na kile kikopo kidogo kiitwacho kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, basi fundi akitoe umeme wake kabla ya kukigusa.

Mapanga ya feni moja yametoka kiwandani yakiwa yamepimwa uzito pamoja. Msichanganye la feni hii na la feni ile, wala msinyooshe panga lililopinda kwa nyundo. Yakishafungwa, chukueni kijiti, pimeni kutoka darini hadi ncha ya kila panga, mkizungusha feni kwa mkono huku kijiti kikiwa mahali pamoja. Tofauti ikizidi milimita chache, lipo lililokaa vibaya.

Kuwasha mara ya kwanza, watu wote watoke chini. Anzeni mwendo wa pole kwa dakika 5, kisha kasi yote kwa nusu saa. Sikilizeni. Feni nzima ina sauti ya upepo. Yenye sauti ya chuma ina jambo. Ikiyumba, zimeni. Msimwambie mtu "itazoea". Baada ya nusu saa zimeni tena kwenye sanduku kuu na mkaze nati zote, maana daima kuna moja imelegea. Rudieni baada ya wiki moja. Kisha, kwa sababu ya chumvi yetu, kila miezi 3 mtu apande aangalie kulabu, kotapini, kamba ya usalama na kutu, na tarehe iandikwe kwa rangi kwenye nguzo. Kusafisha vumbi kwenye mapanga ni kazi ile ile ya hatari kama kufunga: sanduku kuu, kufuli, kibao, mtu wa kusimama. Tunataja hili kwa sababu usafi huachiwa akina mama wa usafi wakiwa na fimbo na kitambaa, na hakuna anayewaambia chochote juu ya fyuzi.

Mtu akinaswa na umeme, msimshike. Kimbilieni kukata kwenye sanduku kuu. Ikishindikana, msukumeni kwa mti mkavu nanyi mmesimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, mlazeni chali na kumkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari.

Tunaulizwa sana: nyapara akisema panda tu, tufanyeje? Sheria ya Kazi ya Msumbiji, Namba 13 ya mwaka 2023, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mazingira salama ya kazi. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema, katika ibara ya 13, kwamba mfanyakazi aliyejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya kweli, asiadhibiwe kwa hilo. Na katika ibara ya 21, kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Juni 2022 mkataba huo ulihesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama yapasa kuiheshimu. Kwa hiyo msijibizane na nyapara juu ya ngazi. Mtu ashuke, aseme kwa utulivu mbele ya shahidi: "Sanduku kuu halijafungwa, sipandi mpaka lifungwe." Kisha katibu wa kamati aitwe, na maneno hayo yaandikwe na saa yake. Kusema "sitaki" kunampa mwajiri nafasi ya kuandika ukaidi. Kusema kilichokosekana kunamlazimu akilete.

Katika ghala lile tulilolitaja, feni nne zimekwisha kufungwa kwa utaratibu huu, na kufuli la sanduku linaning'inia kwenye msumari ofisini kwa kamati. Ya tano bado iko kwenye boksi. Boriti ya upande wa mashariki ilizama bisibisi mpaka mpini, na uongozi umeahidi kuibadilisha kabla ya mvua. Akina dada wanaobangua korosho upande huo wamesema watangoja, ila wameomba meza zao zisogezwe karibu na mlango kwa sasa. Meza zimesogezwa.